Chumba cha Nne, Bei Sifuri

Baba aliandika wageni kwa penseli ya seremala,
daftari moja, alama za vidole vya mafuta kila ukurasa,
na aliyeghairi alikatwa mstari mmoja tu, mwembamba.
"Huenda akarudi," alisema. "Mtu si gogo."

Mimi nimewahamisha wote kwenye orodha.
Majira matatu ya theluji, vyumba sita,
watu mia mbili na kumi na moja,
kila mmoja na mstari wake, kama mashati kwenye kamba.

Nikigusa safu ya Jina,
Bi Adeishvili wa Kutaisi, aliyekuja Julai kuchuma uyoga,
anakaa bega kwa bega na Bwana Aigner wa Graz,
wa Januari, mwenye skii mbili na mbwa mmoja.
Hawajapata kuonana wala hawataonana
ila hapa, kwa fadhila ya herufi A.

Nikigusa safu ya Chumba,
watu arobaini wanalala kitanda kimoja
na hakuna anayekoroma.

Baba anatazama nyuma ya bega langu, chai mkononi.
"Hawa watu wako hawatulii.
Daftari langu ukilifunga Jumanne
Jumatano unalikuta vile vile."

Jana usiku theluji ilifunga barabara ya Zugdidi.
Umeme ulikuja, ukaenda, ukaja.
Nilikuwa natafuta wanaodaiwa.
Nikabofya Malipo, mshale ukaelekea juu,
na kabla ya wadeni,
kabla ya yule mwanafunzi wa Gdansk aliyelipa nusu na tabasamu,
zikaibuka sifuri.

Sifuri tatu, moja kwa kila mwaka.
Chumba cha nne, chenye dirisha la mnara.
Katikati ya Januari, usiku tano.
Jina: Ts.
Hali: imethibitishwa.

Niliziandika mwenyewe, mwezi wa Novemba, kutoka daftarini,
kama mtu apukuchuaye mahindi akili ikiwa kwingine.
Na ile ya tatu, ya wiki ijayo, ilikuwa nyekundu:
Aigner anakitaka chumba hicho hicho, usiku huo huo,
na amekwisha kulipa, tena mara mbili ya bei.

"Baba, huyu Ts. ni nani?"

Hakujibu. Alikwenda akaongeza kuni
kwenye moto usiohitaji kuni.
"Wiki ijayo ni Lipanali," akasema.

Hilo nalijua. Kila Januari marehemu wetu hurudi nyumbani,
tunawafungulia mlango, tunawaita jina kwa jina,
tunawaandalia meza, na hatutii mkono sahanini
mpaka wao washibe.
Ila sikujua
kwamba Mama alikuwa amewekewa chumba.

"Mezani wanakula wote," Baba akasema.
"Lakini kulala kwenye benchi? Na mgongo ule?"

Nikamwandikia Aigner usiku ule ule:
samahani sana, tumekuhamishia chumba cha pili,
kina jua la asubuhi, na mbwa wako hatalipiwa.
Chumba cha nne kina mgeni wetu wa kila mwaka
aliyekitaka kabla yako.
Akajibu kwa neno moja na alama ya mlima.

Wekundu ukafutika.
Kumbe mstari ule haukuwa umekamilika,
niliuruka uwanja mmoja wakati ule wa mahindi,
na orodha haikubali pengo, huuliza mpaka ijibiwe.
"Idadi ya wageni?" nikamsomea Baba.

Akainua kidole kimoja.
Akakitazama muda, kama anayepima mbao,
akainua na cha pili.
"Andika wawili," akasema.
"Hajawahi kusafiri popote bila dada yake."