Kitako cha Kopo

Niliandika: mita moja ya ujazo
ni sentimita za ujazo mia.
Mwalimu Ezaruku hakunikata.
Aliweka nukta tu ya wino mwekundu,
kama mbu aliyeuliwa ukutani,
akasema, "Leteni vijiti kumi na viwili."

Tukavifunga kwa kamba,
mita kwa mita kwa mita,
kibanda kisicho na ukuta
katikati ya kidato cha kwanza.
"Ingieni."
Akaingia Onzima, akaingia Adiru,
akaingia Drileba na viatu vyake vya kuazima,
nikaingia mimi, magoti kidevuni,
na bado palibaki nafasi ya mtu na begi lake.
Mwalimu akanitilia kiganjani kipande cha mbao,
sentimita moja kila upande.
"Hivi mia vitajaza hapo ulipokaa?"
Mia visingefunika hata goti langu.
Mia kwa urefu, mia kwa upana, mia kwa kimo:
milioni.
Nililitamka neno hilo nikiwa nimekaa ndani yake.

Tangu siku ile sikuachana na rula.
Nilipima sabuni. Nilipima matofali ya mjomba
kabla ya tanuri na baada ya tanuri
(yalikuwa yamesinyaa, hakuniamini).
Nilipima jeneza la jirani kwa macho, nikaona haya.
Jumamosi, soko la Arua,
kwenye meza ya ufuta ya mama,
nikapima kopo.

Nusu kipenyo: tano.
Kimo kwa nje: kumi na tatu.
Tano mara tano mara pai mara kumi na tatu,
elfu moja na ishirini na ushei:
lita kamili, na chembe za kuwaachia ndege.
Kisha nikatumbukiza rula ndani.
Kumi na moja.
Nikaitoa, nikaifuta kwenye sketi, nikairudisha.
Kumi na moja.
Nikapindua kopo. Kitako kimebonyezwa,
duara safi, kazi ya nyundo yenye subira.

Mia na hamsini na saba.
Hizo ndizo sentimita za ujazo
ambazo kila mnunuzi huzilipia
na kutuachia mezani.
Wanunuzi arobaini kwa siku:
elfu sita mia mbili themanini.
Nikaogopa tarakimu, nikazigeuza lita:
sita na kitu.
Nikazigeuza mita za ujazo:
sifuri nukta sifuri sifuri sita.
Ona zilivyonyamaza!
Nusura nifunge daftari.
Lakini Mwalimu alikwisha kuniharibia usingizi:
kugeuza kipimo hakugeuzi kitu,
ufuta ni ule ule,
na mfuko wa yule bibi wa Oli
ni ule ule, mwepesi.

Nilimwambia mama usiku, akipepeta.
Hakuuliza pai ni nini.
"Nililikuta hivyo kwa shangazi yako."
Ungo ukaenda, ukarudi.
"Na nyongeza? Umeipima nyongeza?"

Sikuwa nimeipima.
Kile kiganja anachowamwagia mwishoni,
juu ya mfuko, huku akiangalia kwingine,
hakimo katika kanuni yoyote ya kitabu.
Nikaleta chupa ya dawa ya kikohozi, ile yenye mistari.
Akamimina kiganja.
Sitini.
"Bado tisini na saba," nikasema.
Akamimina kingine, taratibu,
kama anayemlisha mtoto mgonjwa.
"Bado thelathini na saba."
Mama akajipangusa mikono kwenye kitenge.
"Hizo," akasema, "ni ada yako ya muhula,"
akapuliza taa.

Jumatatu Mwalimu aliuliza
nani ana mfano wa ujazo kutoka nyumbani.
Niliinua mkono.
Nikaushusha.