Uzito Halisi

Duka langu la uchapaji liko nyuma ya soko la Mwanjelwa:
kompyuta moja, printa moja, na Juni hii
glovu nilizozikata vidole ili nipate kugonga herufi.
Watu huniletea vyakula vyao, nivipe maneno.

Jumatatu alikuja Tusekile wa Uyole,
chupa sita za siagi ya karanga kwenye beseni.
Miaka tisa ameuza bila maandishi.
Aliyetaka kujua kilichomo alimuuliza,
naye alifungua kifuniko, akachota, akasema: Onja.
Sasa duka kubwa la Kabwe limemrudisha mlangoni.
Wanataka viambato, wanataka tarehe,
wanataka ile mistari myeusi inayosomwa na mashine;
wanataka chupa ijibu maswali yeye akiwa hayupo.

"Andika," akasema. "Karanga. Chumvi."
Nikasubiri.
"Basi?"
"Basi. Ulitaka nitie nini?"

Nikamshauri tuongeze: HAINA SUKARI.
Alicheka mpaka khanga ikamlegea.
"Kumbe hata nisichokitia nakiuza?"
Unakiuza, mama. Na bei yake inazizidi karanga.

Lebo moja shilingi mia mbili, wala sichapi chini ya elfu moja.
Akapiga hesabu kwa ukucha kwenye vumbi la kaunta:
chupa ya elfu nne itakuwa elfu tano na mia tano.
Mwalimu Anyosisye, mteja wake wa kila Jumamosi,
alikuwa amesimama hapo akisubiri fotokopi.
"Karanga ni zile zile?"
"Zile zile."
"Basi mimi nibandulie hiyo karatasi, unipe bei ya zamani."

Jumatano akashuka Bwana Nzunda na mifuko mitupu mia tano.
Andika MCHELE HALISI WA KYELA.
Nikamuuliza kama umevunwa Kyela.
"Ukipikwa utanukia tu," akajibu, huku anahesabu noti.

Nilichapa. Kodi ya chumba ilikuwa tarehe tano.

Kule Ipinda yuko mwanamke, simjui,
namjua kwa matope ya magotini tu,
ambaye mnunuzi atamwambia mwaka huu:
mchele wa Kyela umejaa mjini, punguza bei.
Atashangaa umejaaje
na mpunga wake ungali umesimama shambani.
Umetoka kwenye printa yangu, dada.

Mama yangu ana presha. Daktari kamwambia aogope chumvi.
Alhamisi nimemkuta dirishani, ameinua pakiti ya viungo vya mchuzi
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.
"Mwanangu, hapa wameandika, au nzi wametembea?"
Mwenye pakiti alitaka nyanya ionekane, nyekundu, kubwa,
na kwa chumvi ikabaki nafasi ya ukucha.
Nikaichukua, nikamsomea kila neno
bila kuitazama.
"Leo macho yako makali," akasema.

Ijumaa Tusekile akaja kuchukua mzigo wake.
Akasoma lebo taratibu, kidole chini ya kila neno,
kikasimama kwenye UZITO HALISI: GRAMU 400.
"Hii nani kakwambia?"
Nikasema chupa za aina hii huwa hivyo.
"Nimepima kwa mizani ya duka la mbolea.
Mia tatu themanini na tano. Futa."
Nikamwonyesha boksi. Elfu moja zilikwisha kutoka,
bado zina joto la mashine.

Akaziangalia. Akaangalia na ukungu ulioziba mlima Loleza,
kana kwamba huko kuna mtu wa kumsaidia hesabu.
"Basi nitajazia," akasema.

Gramu kumi na tano mara elfu moja:
kilo kumi na tano za karanga
ameziongeza ili neno langu liwe kweli.

Sikumpunguzia hata senti.
Nilimpa mfuko wa kubebea.