Mgeni Njoo

Kule Leh, Yangdol aliziosha mbegu za solo
kwa spiriti, kwa jiki, mara tatu,
akazipanda chupani
kusikofika hata pumzi yake.

Mche ukaota kama picha ya kitabuni.
Akatafuna mzizi: maji matupu.
Ule ukakasi unaokunja ulimi,
ambao mamaye huwachemshia wenye kifua,
haukuwemo.

Nani kaiba dawa?
Hakuna aliyeiba. Waliotimuliwa ni wapangaji,
bakteria wasio na hata jina,
waliokuwa wakiuchokoza mzizi usiku kucha
mpaka ukasirike, utunge uchungu.

Yangdol akapanda mlima na kijiko cha chai,
akarudi na udongo,
akautia chupani bila kuuchuja.

Majira ya pili akaonja tena.
Akatema.
Akacheka, meno yote nje.