Nyuzi Nane

Nyeupe-chungwa, chungwa. Nyeupe-kijani, buluu.
Mwalimu Cirhuza anatamka rangi, sisi tunapanga,
vidole vinanuka plastiki na sambaza za asubuhi.

Nilipishanisha mbili. Nikakata kichwa, nikaanza upya.
Kichwa kimoja ni franka mia tano. Mama hajui.

Saa nane SNEL wakachukua umeme wao.
Kadutu yote kimya, isipokuwa mvua juu ya mabati.

Jenereta ilipokohoa nikatuma salamu
kwenye mashine ya Nshobole, hatua sita toka kwangu:
zimeenda nne, zimerudi nne.
Nikacheka kama mjinga.

Kaka yuko machimboni Shabunda tangu Machi.
Kila jioni namwita.
Zimeenda.
Zimeenda.

Mwalimu husema, kwanza kagua waya.

Waya upi, mwalimu?