Kwenda Mtae kwa Miguu

Tulikuwa wanne, wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
Riziki wa duka la dawa, Mwanakheri mwalimu wa hesabu,
Subira, ambaye mdomo wake hufika kabla yake,
na mimi fundi cherehani. Mlima mrefu
niliowahi kuupanda ni ngazi za ofisi ya mapato.

Miaka sita tulisema "mwakani".
Mwaka huu Riziki akalipa nauli za wote bila kutuuliza,
akatuma ujumbe: Ijumaa, Lushoto. Sweta. Viatu vya kufunga.
Subira akaja na pasi ya umeme.
"Mimi na mikunjo hatujuani," alisema,
na pasi ile, wallahi, imeipanda Magamba mgongoni mwake.

Kijana aliyetuongoza, Shekiondo,
alitembea mikono mfukoni kama anayetumwa sukari.
Kila tulipouliza, "Bado mbali?"
alijibu, "Hapo tu," akielekeza kwa kidevu.
Nimejifunza: kidevu cha Msambaa kina kilomita nane.

Msituni baridi ilikuwa na harufu,
majani yaliyooza, moshi wa mbali, sabuni ya mtu.
Mbega walitutupia jicho moja,
wakaondoka na makoti yao ya harusi.
Mwanakheri alihesabu hatua; elfu nne akaacha,
akaanza kuhesabu mapumziko.
Na kilele? Kila tulipokifikia kilikuwa kimehama,
kimekaa ng'ambo, kimekunja nne, kinatungoja.

Karibu na Rangwi mama mmoja akatupita,
gunia la kabichi kichwani, mtoto mgongoni, ndara miguuni.
"Onga mshi," akasema, wala pumzi haikumkatika.
Tukamwitikia kwa kukohoa.

Siku ya pili kiatu cha Riziki kikaachama.
Yeye aliyelipa, yeye aliyeijua njia kwa ramani,
akakaa juu ya jiwe akalia
kilio ambacho hakikuwa cha kiatu.
Hatukuuliza. Nikachomoa sindano ya magunia,
huwa natembea nayo kwenye ukosi kama wengine hirizi,
nikavuta uzi wa nailoni, nikashona soli
mguu ukiwa ndani.
Ndiyo mara ya kwanza mlimani nilikuwa na kazi.
Nilipofika kisiginoni akasema, polepole:
"Karatasi ya talaka nimeiacha juu ya friji."

Subira, mwenye mdomo, hakutoa neno.
Alifungua begi, akaitoa pasi, akaifukia kwenye nyasi,
akauingiza mzigo wa Riziki pale pasi ilipokuwa.

Mtae tulifika jioni, na nchi ikaishia hapo.
Nyumba ya mwisho, mgomba wa mwisho, kisha hewa tupu,
na chini kabisa mbuga za Mkomazi,
kahawia, zimewambwa kama ngozi ya ngoma.
Subira akapiga magoti, akatambaa,
akanishika kifundo cha mguu.
"Usimwambie mtu."
Basi, nimeandika.

Usiku blanketi mbili, watu wanne.
Miguu ya Mwanakheri ni barafu; sikuwa nikijua.
Riziki hukoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta;
hilo pia sikuwa nikijua.

Wanasema milima haikutani.
Mimi niliiona alfajiri, ukungu umejaa mabondeni,
imekaa bega kwa bega kama wafiwa mkekani.
Waliokuwa hawajakutana ni sisi,
wa mtaa mmoja, miaka ishirini tukiazimana chumvi.

Kushuka, magoti yangu yasimulie, mimi nimeshindwa.

Jumatatu mteja ananiletea suruali ya kupunguza,
ananiona nachechemea.
"Huko juu kuna nini hasa?"
Mdomo wangu umejaa pini.
Nikamwelekeza kwa kidevu, upande wa dirisha,
nikaendelea kukanyaga cherehani.