Alhamisi Hatunyanyui

Alhamisi, gym ya Ngwale imefungwa kwa kamba ya katani.
Vyuma vimelala. Zile ndoo za rangi tulizozijaza zege
zimepangwa ukutani kama watoto waliokatazwa kucheza.
Naamka bila sababu ya kuamka.
Mapaja yananiuma kwa ndani, maumivu yenye utamu,
ya mtu aliyechuchumaa jana na kilo mia
akainuka nazo.

Njaa imeniwahi kuamka.
Na njaa hii, jamani, haijui kalenda.

Miaka miwili niliinyima.
Nilijiambia: leo hujabeba kitu, leo huna haki.
Asubuhi chai ya rangi, mchana kipande cha muhogo,
usiku maji, nikihesabu matundu ya bati.
Ijumaa nikishika chuma,
chuma ndicho kinachonishika.

Sheria hii sikuikuta gym.
Niliirithi Keko, chumba kimoja, pazia katikati,
kwa baba, Mshamu, kuli wa bandarini.
Meli ikifunga gatini, tunakula samaki.
Siku isiyo na zamu anageuza sahani yake kifudifudi:
"Mkono haukutoka jasho, mdomo unadai nini?"
Mama anafunika sufuria.
Sisi tunaitazama sufuria.
Hakuwa mkatili. Alikuwa anapiga hesabu.

Ngwale aliponiona mabega yanasinyaa
hakunihubiria. Aliuliza tu:
"Wewe si fundi zege?"
Ndiyo.
"Ukishamwaga jamvi, kesho yake unafanya nini?"
Namwagilia.
"Na kesho kutwa?"
Namwagilia.
"Hata kama hakuna anayechanganya, hakuna anayelipwa?"
Nikanyamaza.
"Haya."
Akaenda zake kufunga kamba.

Sasa Alhamisi nakwenda kwa Sikudhani, nyuma ya soko la Tandika,
kabla wauza mitumba hawajajaza benchi.
Wali apunguze, nusu ya ule wa jana,
maana leo sina chuma wala mfuko wa saruji begani.
Lakini maharage asiyaguse! Na dagaa wa nazi wabaki walivyo,
na mchicha apakue mpaka ufunike lile ua la sahani.
Mayai mawili ya kuchemsha
nayamenya polepole, ganda likikatika vipande vidogo vidogo,
kwa sababu leo siwahi popote.
"Umepumzika," anasema Sikudhani, "mbona unakula kama umelima?"
Nalima kwa ndani, namjibu.
Anacheka, anadhani nimemfumbia.
Sikumfumbia.

Saa kumi papai. Usiku mtindi kwenye kikombe cha bati
na ndizi mbivu moja, ile yenye madoa, ya bei ya kutupwa.
Na maji. Maji kila nikumbukapo,
kama kijana wa saiti na mpira wake
akilowesha jamvi ambalo machoni pa mpita njia
halifanyi kitu.

Nisiseme uongo: kuna Alhamisi mkono unasita.
Tonge linafika nusu ya njia
na ile sauti ya Keko inauliza jasho liko wapi.
Namwacha aulize. Natafuna.

Jioni nampelekea mzee sahani yake, yeye na magoti yake
yaliyobeba magunia mpaka yakasahau kunyooka.
Wali, maharage, yai moja zima.
Anaitazama muda mrefu.
"Leo ulikwenda kazini?"
Sikwenda, baba.
"Hata mimi."
Kimya. Feni la jirani linakereza ukutani.
Nataka kumweleza habari za jamvi na maji,
kwamba mwili huo miaka thelathini unadai,
lakini mdomo wangu umejaa papai na aibu.

Akala wali. Akala maharage, yote, akafuta sahani kwa kidole.
Yai akalifuta kwa kanzu,
akalitia mfuko wa kifuani,
akalipigapiga kidogo juu ya kitambaa.

"Hili," akasema, "la siku ya kazi."