Bomba Lisilotoa Jasho

Mombasa kila kitu hutoka jasho:
gilasi mezani, shingo ya bawabu,
kuta za Kuze alfajiri, hata funguo mfukoni.
Bomba letu tu ndilo lililokatazwa.

Ndani yake haidrojeni imekuwa maji,
nyuzi mia mbili hamsini na tatu chini ya sifuri.
Nje, Shimanzi, thelathini na tatu, na saa tano bado.
Baina yao tumeweka utupu,
unene wa vidole viwili vya kitu kisichokuwapo.
(Fundi Mbwarali hucheka nikitamka neno hilo,
basi mbele yake nasema ombwe.)

Hesabu hii niliionea kwa Mama kabla ya chuo.
Chupa yake ya chai iliporomoka ngazini,
ikamwaga vigae vyembamba, rangi ya fedha.
Nikauliza, joto lilikuwa limefichwa wapi?
Akasema, katikati hapakuwa na kitu,
na hicho ndicho kilicholinda chai.
Kisha akanituma dukani.

Usiku wa tatu tunapuliza heliamu mishononi.
Kidude kinanusa, kinanusa,
mshono wa saba kikalia.
Tundu lenyewe lingehitaji karne nzima
kujaza kikombe cha kahawa.
Mbwarali, miaka ishirini chelezoni,
meli ngapi zinaelea kwa mkono wake,
hakubishana.
Aliukwangua, akaanza upya, bila kunitazama.

Jumanne stima ikakatika.
Pampu kimya. Kipimo kikapanda, kikapanda,
vali ikafunguka kwa kikohozi kimoja
na gesi ikashika njia ya dohani, juu,
nyepesi kuliko lawama.
Hakuna simu. Hakuna kiberiti.
Nyamvula alikuwa ameacha buibui la nailoni msumarini, nje,
kwa kuogopa cheche zake,
akajitanda leso ya pamba.
Tulisimama tukihesabu pumzi zetu.

Leo mwali umepita.
Chembe kwa mamilioni zimekatiza kile kioevu kiangavu,
nyingi bila hodi,
moja moja ikagonga, ikapinda njia,
na kaunta ikadonoa: ta. Kimya. Ta, ta.

Nafuta uso kwa kiwiko.
Nagusa bomba kwa mgongo wa mkono:
kavu, vuguvugu kama ukuta wowote.

Mbwarali anauliza chai iko wapi.
Iko mezani. Kifuniko cha chupa hakikazi;
imepoa tangu asubuhi.